Ukitaka kujua kesho ya barabara, anza na ratiba ya mtu

Watu wakiona vijana wamekaa kwenye kipilefti na karatasi wanahesabu daladala na bajaji, wanadhani kupanga usafiri ndo huko. Ile ni sehemu ndogo sana. Hesabu ya magari inakuambia yaliyopita leo, haikuambii yatakayopita shughuli zikihamia kwingine, na Dodoma zinahama kweli: sensa ya 2012 ilitukuta watu 410,956, ya 2022 ikatukuta 765,179, wizara zimeenda Mtumba, Soko la Job Ndugai na stendi kuu ya mabasi viko Nzuguni, kwa hiyo mtu aliyekuwa anamaliza mambo yake yote mjini kati kwa miguu sa hivi anahitaji gari, pengine mawili.

Kwa kawaida tunapita hatua nne, njia iliyokomaa Marekani miaka ya 1950 kwenye miji kama Detroit na Chicago. Mji unaukata vipande, tunaita kanda, halafu unakadiria kila kanda inatoa safari ngapi na inavuta ngapi, ukiangalia ukubwa wa kaya, kipato, wanafunzi, ajira, maduka. Kisha unaunganisha zinatoka wapi kwenda wapi. Kisha kila mtu atatumia usafiri gani. Mwisho unazipanga barabarani uone patajaa wapi, na hapo tunafuata wazo la mtaalamu wa usafiri Wardrop la 1952, kwamba watu wataendelea kubadili njia mpaka ifike mahali hakuna anayeweza kuwahi zaidi kwa kupita kwingine.

Hatua ya tatu ndo inayoamua mambo mengi. Kila usafiri unaupa alama: nauli, muda wa kukaa ndani ya gari, kutembea mpaka kituoni, kusubiri. Uzito wa kila kitu hujipangii wewe mtaalamu, unautoa kwenye yale watu waliyochagua wenyewe, na mara nyingi inaonekana dakika ya kusubiri inamuumiza abiria karibu mara mbili ya dakika ya kukaa garini. Mwanauchumi Daniel McFadden alitumia njia hii kule San Francisco kabla treni ya BART haijaanza 1972. Makadirio rasmi yalisema asilimia 15 ya wasafiri wataipanda, yeye akapata 6.3, na ilipoanza ikawa 6.2! Mwaka 2000 akapewa Nobel ya uchumi. Mimi nikiona watu wanalinganisha SGR na basi la Dar kwa saa za njiani tu nauliza, na bajaji ya kukufikisha stesheni mmeiweka? Na ule muda wa kuwahi kabla treni haijaondoka je?

Sasa shida ya hatua nne ni kwamba zinaikata siku ya mtu vipandevipande. Chukua mama wa Chang'ombe ya hapa Dodoma anayempeleka mtoto shule, anapitia soko la Majengo kuchukua mboga, anaenda kwenye biashara yake, jioni anamfuata mtoto ndo anarudi. Modeli, yaani ile hesabu ya hatua nne, inaona safari tano zisizojuana. Ukimletea basi la haraka lisilopita karibu na shule hatalipanda, hata nauli iwe ndogo, kwa sababu kengele ya shule ndo inampangia siku. Mwanajiografia wa Sweden, Torsten Hägerstrand, alilieleza hili 1970, kwamba mtu anabanwa na muda na mahali na watu anaotakiwa kuwa nao, na modeli mpya zinafuata siku nzima ya mtu na kaya yake, nani kabaki na mtoto, pikipiki iko kwa nani. Zinahitaji data nyingi na ni ghali, ila kwa mji kama huu naona zinastahili.

Na hapa kwetu kuna jambo la kalenda. Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni, gesti zinajaa na magari yanaongezeka, halafu UDOM wakifunga chuo upande ule unapoa kabisa, kwa hiyo dodoso la kaya, yale maswali ya nyumba kwa nyumba tunayotolea data, la Mei na la Septemba ni kama ya miji miwili. Ukifanya la mara moja basi andika ni msimu gani, rekebisha, na usiruke safari za miguu maana dodoso nyingi zinauliza tu "ulipanda nini", na yule aliyetembea kutoka Ipagala hadi Nzuguni anaandikwa hakusafiri, halafu barabara inajengwa bila njia yake ya kupita.