Kuchimba msikiti chini ya msikiti: hii kazi ikoje hasa

Nikisema mi ni mwanaakiolojia na nasoma dini za kale, swali la kwanza ni lile lile, umeshapata dhahabu? Huku bara ndo kabisa, ukionekana na mwiko na futi kamba watu wameshajua una ramani ya mali za Mjerumani. Ngoja nieleze, maana meseji za vijana wanaotaka kuisomea hii fani zimekuwa nyingi.

Kwanza jua kwamba imani yenyewe haichimbiki. Kinachobaki ardhini ni yale watu waliyokuwa wanayarudia rudia, waliswali wameelekea wapi, maiti walimlaza vipi, walikula nini na mifupa wakaitupa wapi. Tunasoma mazoea, halafu kuhusu imani tunakisia, na tunakisia kwa adabu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Shanga, kisiwa cha Pate kule Lamu. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba pale miaka ya 1980, na chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa wa mawe akakuta mwingine wa zamani zaidi, chini ya huo mwingine, hivyo hivyo mpaka chini kabisa kijengo kidogo cha miti cha karne ya 8. Na usidhani nguzo zilikuwa zimesimama zinamsubiri, wapi! Mti ukioza unaacha duara la udongo mweusi, laini kuliko wa pembeni, basi unakwangua taratibu na mwiko, unanyunyiza maji kidogo rangi itokeze, unaona duara moja, la pili, la tatu, yanajipanga mstari, mstari unakata kona, hapo ndo unajua unaangalia jengo. Ukiwa na papara unalifuta lote na huna habari.

Sasa utamu wenyewe. Kwetu pwani kibla ni kaskazini, karibu moja kwa moja, lakini kile kijengo cha chini kabisa kimepinda, hakielekei Makka sawasawa, na baadae kadri walivyokuwa wanajenga upya mwelekeo ukawa unanyooka. Mi naisoma hivi: ni wenyeji waliokuwa wanaipokea dini pole pole na kujirekebisha njiani, sio jahazi moja la wageni limeshusha dini nzima ikiwa tayari, maana hata vigae, yaani vipande vya vyungu, vinavyotoka pale vingi ni vya kienyeji, vya ng'ambo ni vichache. Kuna wanaosoma vingine na tunabishana mpaka chai inapoa.

Makaburi nayo yanasema sana. Muislamu analazwa ubavu wa kulia uso kibla, kwa hiyo huku pwani kichwa kinakuwa mashariki, na hazikwi na vitu. Ukikuta hivyo unaandika Uislamu, sawa, ila usikimbilie kufunga daftari. Gede, mji wa magofu karibu na Malindi, kuna kaburi lina tarehe kabisa, 802 Hijria, yaani 1399, na katika mji huo huo kulifukiwa chungu cha fingo, yaani kago la kulinda mahali. Wale watu hawakuona shida kuwa na vyote viwili, shida tunayo sisi tunaotaka kila mtu akae kwenye kisanduku chake.

Halafu kuna mtego wa maandishi. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye matumbawe, 500 Hijria, ndo 1107, na watalii wanaambiwa jengo lote ni la mwaka huo. Hapana bwana, sehemu kubwa ya jengo unaloliona ilijengwa upya karne ya 18. Tarehe ni ya jiwe, ukuta una umri wake.

Tukirudi kwenye kazi. Kuchimba ni sehemu ndogo sana, muda mwingi uko mezani unaosha vigae kwa mswaki, unaviandika namba, unachora. Kabla ya hapo kuna vibali, Tanzania utapita COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na Mambo ya Kale, Kenya ni NACOSTI, tume yao ya sayansi, na Makumbusho ya Taifa, halafu unafika kijijini na mihuri yote hiyo na wazee wanakuambia kaa kwanza, hapa kuna babu zetu. Wako sahihi. Mi nakaa, dua inasomwa, tunaelewana wapi pachimbwe na wapi pasiguswe, na mara nyingi hao hao wazee ndo wanakuonyesha magofu ambayo hayapo kwenye ramani yoyote.

Hela ni ya msimu, wengi tunategemea kufundisha au kandarasi za kutathmini mabaki ya kale kabla barabara na mabomba hayajapita. Ukitaka kusoma, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia tangu 1985. Ila anza Kiarabu mapema, na kama unaweza jifunze kutambua mifupa ya wanyama, maana wanaojua mifupa ni wachache na kila timu inawagombania.