Kilele cha D kinasingiziwa sana

Watu wanaoniletea unga wa kinywe (grafiti), uwe wa Mahenge au wa Ruangwa huko Tanzania, huwa na swali moja: unafaa kwa betri? Spektroskopia ya Raman, yaani kupima mwanga unaotawanywa na sampuli, hutoa jibu la awali kwa dakika chache. Ila jibu hilo mara nyingi husomwa vibaya, na mwamba ukabebeshwa lawama isiyo yake.

Tunaelekeza mwanga wa leza, tuseme wa kijani wa nanomita 532, kupitia hadubini hadi kwenye punje moja. Karibu mwanga wote unaotawanyika hurudi na rangi ileile. Fotoni (chembe za mwanga) chache mno, pengine moja katika kila milioni kumi, hurudi zimepungukiwa nishati kwa kuwa zimeiacha kwenye mitikisiko ya atomi. Tukichora grafu ya nishati iliyopungua, mitikisiko hiyo hujitokeza kama vilele. C. V. Raman aliugundua mtawanyiko huo kule Kolkata mwaka 1928 akiwa na mwanga wa jua na taa ya zebaki (mpaka leo nashangaa jicho lake lilikuwaje). Leza ya kwanza ilipowaka mwaka 1960 ndipo kazi ikaanza kuwa nyepesi.

Almasi hutoa kilele kimoja chembamba kwenye namba-wimbi 1332 (idadi ya mawimbi kwa sentimita, kipimo cha nishati iliyopungua). Kinywe, ambacho nacho ni kaboni, kina kilele cha G karibu na 1580, kitokanacho na atomi kutikisika ndani ya matabaka yake. Kisha kuna D, karibu na 1350. Tabaka likiwa zima, D haionekani. Atomi ikikosekana mahali pake, au mwanga ukigusa ukingo wa tabaka, D hujitokeza. Ndiyo sababu watu hugawanya D kwa G na kuuita uwiano huo kipimo cha ubora.

Sasa kinywe cha Mahenge kiliiva ardhini kwenye joto kali, na D ya magamba yake mazima huwa ndogo sana. Lisage gamba hilohilo, D inapanda, maana umevunja matabaka na kuongeza kingo. Hata kulisugua ling'ae kunatosha. Wanajiolojia wanaotumia Raman kukadiria joto lililoupata mwamba wanalijua hilo, kwa hiyo hulenga gamba lililojificha chini ya punje ya madini angavu.

Kwenye betri mambo huchanganyika zaidi. Unga husagwa, huviringwa kuwa vipira, na mara nyingi hupakwa utando mwembamba wa kaboni isiyo na mpangilio. Leza ya kijani huzama makumi ya nanomita tu ndani ya kinywe. Unapoona D ndefu hapo, umeusoma utando. Kwa habari za ndani, tumia mtawanyo wa eksirei.

Rangi ya leza nayo haitajwi inavyostahili. Ukitoka nanomita 532 kwenda 785, D huteremka kuelekea 1310, na kwa kinywe cha fuwele ndogondogo uwiano wa D kwa G hukua kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi, yaani karibu mara 5, sampuli ikiwa ileile. Kulinganisha ripoti mbili za leza tofauti bila kusahihisha ni kupoteza muda.

Kuhusu nguvu ya leza, mimi huanza chini ya miliwati 1. Unga mweusi hunywa mwanga na kupata joto haraka. Ukiongeza nguvu na G ikaanza kuteremka kutoka 1580, rudisha nguvu chini kabla ya kuandika namba yoyote.