Siku 10 za kadi ya njano: maelezo kwa wasafiri wa Lubumbashi

Kila likizo kubwa inapokaribia, malalamiko huongezeka kwenye vituo vyetu vya afya vya mipakani, iwe Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia au kwenye uwanja wa ndege wa Luano: msafiri ana pasipoti, ana viza, tiketi amekwisha kuilipia, lakini anazuiwa kwa sababu ya kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Wengi huamini kwamba wameonewa. Zambia, Tanzania na Afrika Kusini hudai cheti hicho kwa wanaotoka katika nchi zenye ugonjwa huo, na Kongo ni mojawapo. Anayekiruhusu kisichofaa kipite hapa anamwachia msafiri taabu ya kukataliwa mbele, akiwa mbali na nduguze.

Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa kuwa mwili unahitaji muda huo kujenga kinga. Aliyechanjwa tarehe 6, cheti chake kinaanza kufanya kazi tarehe 16. Hakuna daktari mwenye ruhusa ya kurudisha tarehe nyuma, hata kwa msafiri mwenye msiba, na tunaomba kwa heshima ombi hilo lisiletwe tena dirishani.

Kadi yenyewe hukaguliwa mstari kwa mstari. Majina yote matatu yawe kama yalivyo kwenye pasipoti. Pawepo tarehe ya sindano, jina la kiwanda na namba ya chanjo, sahihi ya mkono ya mganga na muhuri wa kituo. Muhuri peke yake hauchukui nafasi ya sahihi. Mwenye kadi naye hutia sahihi yake, na mtoto asiyejua kuandika hutiliwa na mzazi. Kitu chochote kikifutwa au kurekebishwa, kadi yaweza kukataliwa. Hivi karibuni mama mmoja anayefuata vitambaa Dar es Salaam alituonyesha kadi ambayo 3 ilikuwa imegeuzwa kuwa 8, kwa wino wa bluu uliokolea kuliko ule wa kwanza. Alikuwa amechanjwa kweli. Muuguzi alikosea, akasahihisha palepale kwa nia njema. Hata hivyo ilibidi arudi mjini kuandikiwa kadi mpya, na basi lake likaondoka. Tulisikitika naye, ila soma kadi yako kabla hujatoka kituoni.

Lipo pia kosa la kudhani kwamba chanjo inaisha baada ya miaka 10. Tangu Julai 11, 2016, cheti kinadumu maisha yote, hata kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10. Waliochanjwa Kinshasa mwezi Agosti 2016, wakati wa mlipuko, ni tofauti: wengi wao walipewa sehemu ya tano ya dozi ili chanjo iliyokuwa haba iwafikie watu wengi. Iliwakinga, lakini haikubaliki kwa safari za kimataifa, kwa hiyo wanahitaji dozi kamili.

Anayefika bila cheti halali, nchi anayoingia inaweza kumweka karantini hadi siku 6, au kumkatalia kuingia. Kununua kadi bila kuchomwa sindano ni kosa la kughushi, na zaidi ya hayo, mwenye kadi hiyo hubaki bila kinga dhidi ya ugonjwa unaoua, akisafiri na watoto wake.

Watoto wa chini ya miezi 9 kwa kawaida hawachanjwi. Wenye mzio mkali wa mayai, wenye kinga dhaifu na wajawazito waonane na daktari kwanza. Akiona chanjo haiwafai, huwapa barua ya msamaha yenye sahihi na muhuri, ambayo nchi ya pili inaweza kuikubali au kuikataa, hivyo waulize ubalozi mapema. Anayesafiri wiki ijayo naye hajachanjwa, abadilishe tarehe ya tiketi leo, kisha aje kuchanjwa akiwa na pasipoti yake, si kadi ya uchaguzi.