Monojenea: namna minyoo bapa wa matamvua wanavyoainishwa

Ukimnunua chewa aliyevuliwa alfajiri, ukainua kifuniko cha shavu lake, ukakata tao moja la matamvua, yaani yale mayavuyavu mekundu anayopumulia, kisha ukaliweka katika kisahani cha maji ya bahari chini ya hadubini, huenda ukaona kijiuzi cheupe kisichofika milimita moja. Kitakuwa kinajinyoosha na kujikunja, upande mmoja wa mwili ukipapasa huku na huku, na upande wa pili ukiwa umeng'ang'ania tamvua bila kubanduka. Huyo ni monojenea, na upande ule usiobanduka ndio unaomwambia mtaalamu sehemu kubwa ya anachotaka kujua.

Monojenea ni minyoo bapa, wa faila moja (yaani kundi kubwa la wanyama) na tegu na minyoo wa kichocho, lakini maisha yao ni mepesi zaidi. Mnyoo wa kichocho hawezi kukamilisha mzunguko wake bila konokono. Monojenea hahitaji mwenyeji wa pili, yaani mnyama mwingine wa kuishi kwake. Kwa wengi wao, yai huanguliwa majini, lava (mnyoo mchanga) mwenye vinyweleo huogelea akitafuta samaki, hujishikiza, na hapohapo hukua hadi kutaga. Tofauti hiyo ndiyo Pierre-Joseph van Beneden wa Ubelgiji aliyoitilia mkazo mwaka 1858 alipowatenga minyoo wa kizazi kimoja na wale wa vizazi viwili, na ndiyo iliyozaa jina tunalotumia. Hata hivyo, kwa muda mrefu baadaye vitabu viliendelea kuwaweka wote pamoja katika ngeli ya trematoda, ile ya minyoo wa kichocho. (Neno ngeli, ambalo wengi tulilizoea katika sarufi, wanabiolojia hulitumia kwa kundi lililo chini ya faila na juu ya oda.)

Mgawanyo mkuu ndani ya monojenea uliwekwa na Odhner, mwanazoolojia wa Uswidi, mwaka 1912, nao ulitegemea kiungo cha nyuma cha kushikia, ambacho hapa nitakiita kishikio. Kundi la kwanza, monopisthokotilea, lina kishikio kimoja kilichokaa kama sahani, chenye kulabu kubwa katikati na vijikulabu pembeni. Kundi la pili, poliopisthokotilea, lina vibanio vingi vidogo, mara nyingi jozi nne na katika baadhi ya familia makumi kadhaa, na kila kibanio hubana kijitamvua kama kibanio cha nguo kinavyobana kamba. Chakula nacho hufuata mgawanyo huo: wa kwanza hula ute na seli za ngozi ya juu, wa pili hunywa damu. Ndiyo maana wafugaji wa samaki katika Bahari ya Mediterania humwogopa Sparicotyle chrysophrii, mnyoo wa kundi la pili ambaye humpunguzia damu samaki aitwaye Sparus aurata anayefugwa katika vizimba vya baharini.

Uhusiano wa umbo na mahali huonekana wazi zaidi kwa Gastrocotyle trachuri, anayeishi katika matamvua ya Trachurus trachurus, samaki wa jamaa ya kolekole. Mnyoo huyu ana vibanio upande mmoja tu wa mwili. Wako wenye vibanio kulia na wako wenye vibanio kushoto, kutegemea mahali mnyoo alipotua kwenye matamvua, kwa sababu maji hupita juu ya matamvua kuelekea upande mmoja tu na mnyoo hulazimika kujiegemeza kuyafuata. Asiyelijua hilo anaweza kudhani ameona spishi mbili.

Kazi ngumu zaidi ni kutenganisha spishi zinazofanana. Jenasi ya Pseudorhabdosynochus, ambayo ni ya kundi la kwanza na huishi kwenye matamvua ya chewa, ni mfano mzuri. Kwenye kishikio kuna jozi mbili za kulabu, vijikulabu kumi na vinne, na sahani mbili, moja mgongoni na nyingine tumboni, zilizojengwa kwa vijiti vigumu vilivyopangwa safu kwa safu kama magamba. Vyote hivyo hupimwa kwa mikromita, yaani sehemu za elfu za milimita. Lakini vinavyozitenga spishi hasa ni viungo vya uzazi vyenye kuta ngumu: kile cha kiume, kilicho kama figo yenye vyumba vinne, na zaidi uke, ambao umbo lake hutofautiana sana kati ya spishi na spishi. Spishi nyingi za jenasi hii hupatikana kwa spishi moja tu ya chewa, na chewa mmoja anaweza kubeba kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo jina la samaki likikosewa, kazi yote ya mnyoo huwa mashakani.

Vipimo vyenyewe vina mtego. Ili sehemu ngumu zionekane, mnyoo hubanwa kati ya vioo viwili, na anayebanwa sana hutanuka. Ukimlinganisha mnyoo uliyembana kidogo na aliyebanwa sana na mtafiti mwingine, unaweza kuunda spishi mpya kwa nguvu ya kidole tu. Kwa maoni yangu, maelezo ya spishi yasiyosema kielelezo, yaani mnyoo aliyehifadhiwa ili apimwe, kiliandaliwaje hayatoshi, hata yakiwa na michoro mizuri namna gani.

Ikumbukwe pia kwamba si kila mnyoo bapa wa matamvua ni monojenea. Wadidimozoidi, ambao ni trematoda halisi, hukaa humo wakiwa ndani ya vifuko, na lava wa trematoda wengine hujificha kwenye tishu. Anayekosa kishikio chenye kulabu au vibanio atazamwe upya kabla ya kupewa jina.

Siku hizi kipande cha mnyoo hupelekwa kupimwa vinasaba, na sehemu iliyobaki yenye kishikio hutunzwa kama kielelezo. Matokeo yamethibitisha spishi nyingi zilizotambuliwa kwa umbo, lakini yametikisa ngazi za juu: makundi mawili ya Odhner yanasimama, ila inaonekana hayatokani na babu mmoja wa kwao peke yao. Kwa sababu hiyo baadhi ya wataalamu sasa huyahesabu kuwa ngeli mbili kamili, na jina monojenea hulitumia kama tunavyotumia neno dagaa, kwa viumbe wanaofanana kwa sura na maisha bila kudai kwamba wote ni wa ukoo mmoja.