Mchoyo ni nani katika nchi ya korosho?

Kwetu Tandahimba, mkoani Mtwara, fedha za korosho zikianza kuingia, vibarazani hakuishi neno "mchoyo". Tunalitupia watu ovyo, na mara nyingi linamwangukia asiyestahili.

Dhana: anayeweka akiba ni mchoyo

Mjomba wangu aliitwa hivyo miaka nenda miaka rudi. Wenzake wakipokea malipo ya mnada hucheza ngoma siku tatu. Yeye aliketi mkekani, akagawa noti mafungu mafungu na kuyafunga kwa mpira wa baiskeli: la salfa, ile dawa ya mikorosho, la ada, la mahindi.

Ukweli ni kwamba korosho hulipa kwa msimu, tumbo hudai kila siku. Ikifika wakati wa kupulizia salfa ili ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, usiunguze maua, fedha za msimu uliopita zimeshakwisha kwa wengi. Asiyetenga atakopa. Kiswahili chenyewe kimetutofautishia: mroho ni wa chakula, bahili hata nafsi yake huinyima, mchoyo ndiye asiyetaka mwenzie apate. Mjomba hakuwa hata mmoja wao. Kila njaa ilipobana aliwapimia mahindi majirani, wakiwemo waliomsema.

Dhana: mnunuzi wa kangomba ni msamaria

Hii ndiyo inayoniuma. Kangomba ni kununua korosho za mkulima kwa kopo badala ya mzani, mara nyingi kwa kumtangulizia fedha kabla ya mavuno. Mtoto anaugua, mkorosho ndiyo kwanza unatoa maua, na mama hana shilingi. Anatokea mtu na fedha mkononi, papo hapo, bila fomu wala mdhamini. Nani asimshukuru? Msimu ukifika anarudi na kopo lake. Linajazwa mpaka linafanya kichuguu, linatikiswa, linajazwa tena. "Bado, mama, ongeza." Kopo hilo ndilo linahesabiwa kilo. Siku moja niliomba tulipime kwenye mzani wa dukani. Mshale ulipita kilo moja na robo.

Kangomba imepigwa marufuku. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho mwaka 2007, ulikusudiwa mkulima apeleke mzigo wake chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa kijijini, upimwe kwa mzani na uuzwe mnadani. Mwaka 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ulifanyika uhakiki kwanza, na wenye mizigo mikubwa walitakiwa kuonyesha mashamba yao. Wapo waliokuwa na magunia tele bila mkorosho hata mmoja, yaani korosho za kangomba.

Naambiwa, "Si walikubaliana?" Walikubaliana, ndiyo. Ila mmoja alikuwa na mtoto kitandani, na mwenzie alilijua hilo kabla hajabisha hodi. Nakiri pia kwamba hali hii haiishi kwa kumlaani mwenye kopo peke yake, maana mama yule alihitaji fedha siku ile ile na mnada ulikuwa mbali.

Dhana: uchoyo ni wa matajiri

Wenye makopo niliowajua mimi walikuwa na baiskeli moja na nyumba ya nyasi kama sisi.

Dhana: kutoazimisha kitu chako ni uchoyo

Kijana wa bodaboda akikataa kumpa rafiki pikipiki anayoilipia marejesho kila wiki, analinda ugali wa watoto wake. Mwombe akupeleke hospitali usiku wa manane huna nauli, ndipo umpime. Wa kwetu pale njia panda aliwahi kumpeleka shangazi yangu mpaka Newala katika mvua, na asubuhi akarudi kuuliza hali yake tu, nauli hakuitaja.