Mtoto wa kipindi cha uhalisia hahesabiwi mfanyakazi

Wengi huamini kwamba nchini Marekani mtoto anayeonyeshwa kwenye kipindi cha uhalisia cha televisheni, yaani kinachorekodi maisha ya watu halisi, analindwa kama mwigizaji mtoto yeyote. Mara nyingi sivyo. Sheria ya California ya mwaka 1939 ilitungwa baada ya Jackie Coogan, aliyekuwa mwigizaji mtoto wa filamu, kukua na kukuta mama yake na baba wa kambo wametumia karibu fedha zake zote. Leo inataka asilimia 15 ya malipo ya mtoto iwekwe akiba. Lakini sheria za namna hiyo humwangalia aliyeajiriwa. Watayarishaji husema mtoto wa kipindi cha uhalisia hafanyi kazi: anaishi tu, kamera ipo.

Mwaka 2007 kipindi cha Kid Nation kilipeleka watoto 40, wa miaka 8 hadi 15, jangwani New Mexico bila wazazi. Walijipikia wenyewe. Msichana mmoja akarukiwa usoni na mafuta ya moto. Waandaaji walilinganisha na kambi ya likizo, na wazazi walikuwa wamekwisha kutia saini mkataba wa kuwaondolea lawama. Ukurasa wa mkataba haupozi ngozi iliyoungua!

Jimbo la Pennsylvania lilirekebisha sheria yake ya ajira ya watoto mwaka 2012, likawataja watoto wa vipindi hivi waziwazi.