"Nikianguka naumia mwenyewe": si kweli

Kijiweni Ngamiani, Tanga, penye kahawa na kashata, hoja hii haikosi: helmeti (vijana wa bodaboda huiita elementi) ni hiari ya mtu. Kichwa changu, shauri yangu, serikali inaniingiliani?

Inasikika kama hoja ya muungwana. Ina tobo.

Chukua kijana aliyepasuka kichwa barabara ya Pongwe. Wapita njia wanampakia kwenye bajaji hadi Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Kitanda, daktari na damu anayoongezewa, ambayo mtu mwingine aliitoa bure mkononi mwake, vyote si vyake peke yake. Akihitaji upasuaji wa ubongo, huenda ikawa Muhimbili, Dar es Salaam, kilomita 350 hivi. Mama anauza mbuzi, shemeji anachangisha kwa simu, mke anafunga genge akauguze. Na tajiri, yaani mwenye pikipiki, bado anadai hesabu yake, ile fedha anayopelekewa na dereva. Sasa hapo nani kaumia "mwenyewe"?

Helmeti haizuii ajali, hilo nakubali. Ila mapitio ya tafiti nyingi yalionyesha kuwa inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi, na ya kufa kwa asilimia 42 hivi. Mradi iwe kichwani na mkanda umefungwa. Ile inayoning'inia kwenye usukani inakingia usukani.

Abiria wanalalamika kuwa ya kuazima inanuka jasho. Kweli inanuka. Tanguliza kitambaa au mtandio mwepesi, kisha vaa.